Huyu Alifikaje Hapa?



Leo nataka tuzungumze kuhusu bustani ndogo za wanyama, zile zinazomilikiwa na watu binafsi. Mkazi wa Olasiti, huku magharibi ya jiji la Arusha, hawezi kuzikwepa habari za wanyama hata akitaka. Kila asubuhi magari ya watalii yanapita upande huu kuelekea Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Upande wa pili wa mji, chini ya Mlima Meru, iko Hifadhi ya Taifa ya Arusha yenye nyati, twiga na mbega. Lakini waulize watoto wa shule za huku ni wangapi wamemwona simba kwa macho yao. Wengi watakwambia wamemwona kwenye simu. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini si kikubwa. Kinachotushinda ni gari la kutufikisha na kutuzungusha humo ndani.

Hapo ndipo bustani ndogo inapopata kazi yake. Ukiifuata barabara hiyo ya watalii, ukaupita uwanja wa ndege wa Kisongo na kuingia Wilaya ya Monduli, kilomita kama 25 kutoka mjini utafika Meserani. Pale kuna bustani ya nyoka iliyofunguliwa mwaka 1993 na familia iliyotoka Afrika Kusini. Kuna koboko, swila, vifutu na chatu, na mamba pia. Pembeni kuna zahanati inayotibu walioumwa na nyoka, na fedha za wageni wanaokuja kutazama nyoka zimesaidia kuiendesha. Mfugaji wa Kimaasai aliyegongwa na kifutu akiwa machungani hawezi kuidharau bustani ya namna hiyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuja kuliingiza tatizo la kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba bustani ndogo zifungwe. Nimekuja na swali. Mgeni akiingia kwenye bustani hutazama ukubwa wa kizimba, usafi wa maji, na kama mnyama amenenepa. Hayo ni ya maana, lakini mimi naomba tuanzie nyuma zaidi, tuulize: huyu alifikaje hapa? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka pale sokoni Kilombero hapokei gunia la mchele bila kuandika limetoka kwa nani, lini, na kwa bei gani. Na mnyama anastahili kuandikwa zaidi ya gunia. Ustawi wake unaanzia katika daftari la mapokezi, kabla fundi hajachomelea nondo ya kwanza ya kizimba.

Twende kwenye historia kidogo. Kusafirisha wanyama hai si jambo geni kwetu. Mwaka 1415 mji wa Malindi ulimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga. Karne iliyopita, Arusha yenyewe ilikuwa kituo cha watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo. Wazee wanaikumbuka filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa picha maeneo ya Momella na mbuga za jirani. John Wayne na wenzake wako juu ya lori, wanamkimbiza faru, kitanzi kimefungwa kwenye mti mrefu, mpaka wamnase. Mshauri wao wa kazi hiyo, Willy de Beer, alikuwa mkamataji wa hapahapa Arusha. Na kule kusini, Liwale na Newala, C.J.P. Ionides, aliyewahi kuwa afisa wa wanyamapori, alikamata nyoka kwa maelfu, wengi wao wakaishia kwenye bustani na makumbusho ya nje.

Kwenye sinema mbio zile zinasisimua. Mwilini mwa mnyama kunatokea jambo jingine. Akikimbizwa kupita kiasi, joto lake hupanda, misuli hujaa asidi, nyuzi zake huanza kufa, na taka zinazotoka humo huziharibu figo. Anaweza kusimama, akanywa maji, akaonekana mzima kabisa, kisha siku chache baadaye akaanguka na kufa. Ndiyo sababu miaka ileile ya 60 madaktari wa mifugo kama Toni Harthoorn, aliyefanya kazi hapa Afrika Mashariki, walijitahidi kupata dawa ya kumlaza mnyama kwa mshale badala ya kumchosha kwa lori. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa ya viwango vya ustawi, na hayakutokea kizimbani. Yalitokea mbugani, saa ile ya kumpata mnyama.

Baadaye zikaja sheria. Mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ulitiwa saini mwaka 1973 na Tanzania ikauridhia mwaka 1979. Sheria yetu ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais anawashika kwa niaba yetu kama mdhamini. Anayetaka kuwafuga au kuwaonyesha lazima awe na leseni. Tangu Julai 2016 kazi kubwa ya usimamizi nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro imekuwa mikononi mwa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Lakini karatasi haijawahi kumzuia mwenye tamaa. Novemba 2010, hapa jirani katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, wanyama zaidi ya 100, twiga wanne wakiwamo, walipakiwa kwenye ndege na kupelekwa Qatar kinyume cha sheria. Hebu fikiria ukubwa wa twiga! Huyo si wa kufichwa kwenye begi. Ili apande ndege ni lazima mtu amkamate, mtu amfuge kwa muda, mtu amsafirishe kwa lori, na mtu mwenye mhuri aangalie pembeni. Suala lile lilitikisa Bunge, na mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu mmoja wa washtakiwa kifungo cha miaka 60. Halafu Machi 2016, uwanja uleule, wakakamatwa tumbili 61 waliokuwa njiani kwenda Albania. Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu kinatufundisha jambo. Juni 2022 TAWA ilitangaza kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa miezi 6 kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao tangu zuio lilipoanza. Kelele zikawa nyingi, na Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Pindi Chana, akalisitisha tangazo hilo mara moja. Wengi tulishangilia. Ila wachache waliuliza habari za wanyama wenyewe. Zuio linafunga mpaka, kizimba halikifungui. Mnyama aliyekamatwa mwaka 2015 kwa ajili ya soko la nje anaendelea kula kila siku, na mwenye mali aliyekosa mnunuzi ana sababu chache za kumlisha vizuri. Unapozuia biashara bila kupanga wale waliokwisha kushikwa waende wapi, gharama ya uamuzi wako anailipa mnyama.

Turudi sasa kwenye bustani yetu ndogo. Mnyama anaweza kuingia kwa njia nne: akamatwe porini, anunuliwe au apewe kama zawadi, azaliwe humo humo, au aletwe kama yatima wa kuokolewa. Kila njia ina mtego wake.

Chukua kobe chapati, yule kobe bapa anayeishi kwenye nyufa za miamba yetu na ya Kenya. Ni mdogo, mpole, na kwenye kreti hachukui nafasi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walimpenda mno. Shida yake ni kwamba jike hutaga yai moja tu kwa kawaida kila anapotaga. Tena wakusanyaji walipokosa kumfikia kwenye ufa walipasua mwamba, kwa hiyo walibeba kobe na wakabomoa nyumba ya kobe wengine. Mwaka 2019 CITES ilimpandisha kwenye orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote. Hivyo mwenye bustani akikwambia kobe chapati wake 20 wamezaliwa kwake, mwombe akuonyeshe wazazi na tarehe za mayai. Kwa mnyama anayezaa polepole kiasi hicho, hesabu haidanganyi.

Zawadi nayo ina mtego. Kobe wakubwa wa Changuu, kile kisiwa cha karibu na mji wa Zanzibar, chimbuko lao ni kobe wanne waliotolewa zawadi na gavana wa Seychelles mwaka 1919. Walizaliana wakawa wengi, kisha wezi wakawaandama kwa ajili ya soko la nje, hata kufikia mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba tu. Waliokolewa kwa uzio, ulinzi na kuhesabiwa mmoja mmoja. Na kobe wa aina ile hupita miaka 100. Waliompokea wamekwisha kuzikwa, yeye bado anakula majani. Mamba naye anaweza kufikisha miaka 70. Mtu wa miaka 50 anayepokea mamba mchanga leo anapaswa kujua atamrithisha nani, na amwandike kwenye daftari huyo mrithi.

Njia ya yatima ndiyo inayotugusa moyo, na ndiyo yenye hatari iliyojificha. Mwanakijiji anakuja na mtoto wa tumbili kifuani, anasema mama yake amegongwa na gari. Unamhurumia mtoto, unampa huyo mtu elfu ishirini ya nauli. Wiki ijayo analetwa mwingine. Hela yako imegeuka bei, na sasa kuna mama wa tumbili atakayeuawa ili mtoto apatikane. Ndiyo maana vituo vinavyojiheshimu havilipi hata shilingi kwa mnyama anayeletwa. Kisiwa cha Ngamba kule Uganda, kilichoanza kupokea sokwe yatima mwaka 1998, kilikwenda mbali zaidi, kikaweka uzazi wa mpango kwa sokwe wake. Nafasi ni ya walionyang'anywa msitu, na kila anayezaliwa kizimbani anamzibia njia mmoja wao. Kwa mwenye bustani anayetegemea vichanga kuvuta wageni, huo ni uamuzi mgumu.

Tukishajua mnyama alivyofika, ndipo tuulize anavyoishi. Hapa viwango vimebadilika sana. Mwaka 1964 Mwingereza Ruth Harrison aliandika kitabu kuhusu mateso ya mifugo katika mashamba ya kisasa. Mwaka uliofuata kamati ya serikali yao ikatoa ripoti iliyozaa zile tunazoziita haki tano: mnyama asiachwe na njaa na kiu, asiteswe na mazingira mabaya, asiachwe na maumivu wala ugonjwa, asiishi kwa hofu, na apate nafasi ya kufanya yale aliyoumbwa kuyafanya. Sisi wenyewe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Wataalamu wa leo wanaongeza kwamba kuondoa shida peke yake hakutoshi. Mnyama anatakiwa apate pia mambo ya kumfurahisha.

Katika bustani ndogo ya Arusha hayo yana sura gani? Chukua nyoka. Zamani ilionekana kisanduku cha kioo chenye bakuli la maji kinamtosha, kwa kuwa nyoka muda mwingi amejikunja. Sasa wataalamu wengi wanasema apate nafasi ya kujinyoosha mwili mzima, apate pango la kujificha macho ya watu, na apate upande wa joto na upande wa ubaridi achague mwenyewe. Kuchagua huko ni suala la uhai. Nyoka hana joto lake la ndani, analipata nje. Arusha iko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai mnaujua wenyewe. Chatu aliyelishwa sungura jioni, kisha umeme ukakatika na taa ya joto ikazima, hawezi kumsaga yule sungura. Nyama inaoza tumboni. Kwa hiyo bustani ya nyoka isiyo na jenereta, au isiyo na mtu wa kuamka usiku, haijafikia kiwango hata kama vioo vyake vinang'aa.

Kobe anayekuzwa kwenye banda lenye giza hukosa jua, na bila jua mwili wake hautumii chokaa ipasavyo. Gamba linalainika, miguu inapinda. Mamba anahitaji maji na pia nchi kavu ya kuota jua, maana dimbwi la saruji lisilo na ukingo wa kupumzikia linamchosha. Tumbili hataki tu ndizi. Anataka mwenzake wa kumchambua manyoya. Ukimwona anatembea hatua tatu kwenda na tatu kurudi, asubuhi hadi jioni, usicheke ukasema anacheza ngoma. Ile ni dalili ya akili iliyochoka.

Kuna na hili la wageni kuvishwa nyoka shingoni wapigwe picha. Najua linaingiza hela, na najua nyoka asiye na sumu akishikwa kwa utaratibu humwondolea mtoto woga, hata akirudi nyumbani asikimbilie panga kila anapomwona mjusi. Lakini kushikwa na mikono 40 kwa siku moja ni jambo jingine. Bustani yenye kiwango huandika huyu ameshikwa mara ngapi leo, na ikifika idadi yake anarudi kupumzika, hata kama basi la wageni ndiyo kwanza linaegesha. Tunarudi kwenye daftari, unaona?

Msikilizaji, nisije nikaonekana nasifu makaratasi tu, ngoja nikupe matunda yake. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa maporomoko ya mto Kihansi, aligunduliwa mwaka 1996. Bwawa la umeme lilipopunguza rasharasha ya maji aliyoitegemea, wanasayansi walichukua vyura 499 mwishoni mwa mwaka 2000, wakawapeleka kwenye bustani za wanyama za Marekani, Bronx kwanza. Porini wakaisha, mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka huko. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Faru weusi je? Mwaka 2009 watatu walitoka bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, wakaja Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Mwaka 2012 wakaja wengine watatu kutoka Port Lympne, Uingereza, na mmoja wao alikuwa amepewa jina la Monduli. Hawa ni faru wa ukoo wa Afrika Mashariki, uzao wa wale waliochukuliwa zamani katika mbuga za ukanda huu. Waliweza kurudi kwa sababu bustani za Ulaya zilitunza kitabu cha nasaba: nani kazaliwa na nani, wapi, lini. Bila kitabu kile, asingejulikana ni faru wa ukoo gani, na Mkomazi isingempokea.

Bila shaka yuko mmiliki anayenisikiliza na kusema, wewe unaongea tu, nyama ya mamba haishuki bei kwa mazungumzo. Ni kweli. Bustani ndogo inaishi kwa kiingilio, na kiingilio kinafuata misimu ya watalii. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, mamba hawakuacha kula. Ndiyo maana nasema mabadiliko ya viwango yasianze na ujenzi wa gharama. Daftari ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kupokea wanyama wachache hakuna gharama yoyote. Kinyume chake, kunapunguza gharama. Kukataa mtoto wa simba anayetolewa bure huku huna eneo la kumtosha akiwa mkubwa, ni uamuzi wa dakika moja utakaokuokoa miaka 20. Mwenye nyoka wa aina sita anaowamudu ni hodari kuliko mwenye aina arobaini wanaokufa kimyakimya nyuma ya jengo.

Na sisi wageni tuna wajibu. Wanyama wale ni mali ya umma hata wakiwa kwenye kizimba cha mtu binafsi, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza. Mwalimu wa Olasiti anayepeleka wanafunzi wake Meserani au bustani nyingine yoyote awape kazi ya maswali matatu: huyu alitoka wapi na kwa kibali gani? Hapa anapata nini cha kufanya ambacho porini angekifanya? Na bustani hii ikifungwa, atakwenda wapi? Anayewatembeza akijibu bila kubabaika, lipeni kiingilio kwa moyo mweupe na mrudi tena. Akianza kuzunguka, msiende kugombana naye. Andikeni, mwalimu apeleke maswali hayo TAWA.

Nao TAWA naomba wafikirie jambo moja dogo: muhtasari wa daftari la kila bustani ubandikwe getini, karibu na bei ya kiingilio. Wangapi wameingia mwaka huu na kwa njia gani, wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa. Mwenye bustani nzuri atapata sifa bila kulipia tangazo, na asiye na cha kubandika atakuwa amejieleza.

Mpenzi msikilizaji, muda umenitupa mkono. Ukiwa na maoni, hasa wewe unayefanya kazi katika bustani hizi na unayejua mambo ambayo sisi wa nje hatuyaoni, tuandikie; nitayasoma wiki ijayo.